Jinsi ya kumwinua mgonjwa wa kiharusi cha shina la ubongo presha isiporomoke

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nashinda na wagonjwa hawa, na ndugu wengi wanarudi nyumbani hawajaambiwa kwamba shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ndo linaendesha presha, mapigo ya moyo, jasho, kupumua mpaka kumeza. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na nguvu za miguu kabisa ila akisimama tu anaona giza, anadondoka. Sio uvivu jamani, msimgombeze.

Anza na mashine ya presha. Alale ametulia dakika 5, pima, andika. Asimame, au akae kama hawezi, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekee daktari hayo maandishi. Dawa msiguse wenyewe, maana kuna ambao presha inashuka wakisimama alafu wakilala inapanda sana.

Sasa kumwinua. Akiwa bado amelala achezeshe nyayo juu chini, akunje na kukunjua ngumi, kama dakika moja hivi. Mnyanyue kwa mito, subiri dakika chache. Mkalishe miguu ining'inie, subiri tena, na hapa weka simu pembeni umwangalie usoni, akianza kupauka, kupiga miayo, kujibu polepole au kusema shingo na mabega yanamuuma, mlaze umwinue miguu hapo hapo, usingoje aseme kizunguzungu. Akiwa sawa ndo asimame, wewe kaa upande ule dhaifu. Asubuhi na baada ya kula ndo presha inashuka zaidi, so usiharakishe.

Maji ya kunywa yanasaidia, ila kama anapaliwa apimwe kumeza kwanza.

Kuoga nako kuna mambo mawili, maji ya moto yanatanua mishipa presha inashuka, na wengine upande mmoja wa mwili hausikii joto kabisa, anaungua huku anakwambia maji poa. Jaribu kwa mkono wako wewe, na aoge amekaa.

Choo kikiwa kigumu asikamue kwa nguvu, mkojo ukigoma kutoka ni hospitali siku hiyo hiyo. Akikoroma alafu pumzi inakatika usingizini mwambie daktari. Ila akianza ghafla kuona vitu viwili viwili, kope moja kulegea, kushindwa kumeza au kuzimia na kuchelewa kuzinduka, hiyo ni emajensi, muondoke saa hiyo hiyo.