SOMO: Kuandika riwaya ya taharuki ya mtoto aliyepotea, hatua kwa hatua

Swali la "msimulizi wangu adanganye vipi?" limejibiwa humu mara nyingi mno, kila mara nusunusu. Naliweka lote hapa. Atakayeliuliza tena nitamrudisha huku.

Hatua ya 1. Amua mtoto yuko wapi na nani anajua. Kabla ya hapo usiandike sura hata moja.

Hatua ya 2. Chagua eneo unaloweza kulitembea kwa miguu. Kutoka chuoni (madrasa) Kibokoni hadi nyumbani Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, Mombasa, kunatosha.

Hatua ya 3. Chora jedwali la safu tatu: kilichotokea, msimulizi anachoamini, msomaji anachoambiwa. Saa mbili za kwanza zigawe kwa dakika 10.

Hatua ya 4. Mtoto apotee ndani ya kurasa 15 za mwanzo. Lenga maneno 70,000 hadi 90,000.

Hatua ya 5. Msimulizi. Hapa niliharibu muswada mzima, kwa hiyo soma polepole. Mama akisimulia kwa "mimi" na anajua alichofanya, huwezi kumziba mdomo kurasa 250 kisha akasema "nilijua tangu mwanzo". Msomaji ataona ameibiwa, na haki yake. Mama aseme kila kitu, ila akisome vibaya. Ukurasa wa 9: "Nilirudishia mlango." Ukurasa wa 60, mbele ya askari: "Nilifunga mlango." Kurudishia si kutia komeo. Kauli zote mbili ziko wazi, na mama mwenyewe ameshaanza kuiamini ya pili.

Tahadhari: kiambishi a- hakitaji mume wala mke, na waandishi wanakipenda kwa hilo. "Alimshika mkono, wakashuka ngazi." Hufaa kwa kivuli kilichoonekana kwa mbali wakati wa magharibi, sentensi mbili au tatu. Shahidi aliyeuona uso atasema "yule mama" au "yule kijana". Ukimlazimisha kubaki na a- sura nzima, msomaji atagundua unamficha mtu.

Tahadhari nyingine: ugonjwa wa akili usiwe ndio jibu la fumbo. Hofu, aibu na usingizi uliokatika vinatosha kuvuruga kumbukumbu.

Hatua ya 6. Siku. Bibi wa Mji wa Kale akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku yake huanza magharibi. Askari aliyetoka bara anaandika Ijumaa usiku. Hapo ushahidi umepishana siku nzima na hakuna aliyesema uongo.

Hatua ya 7. Polisi. Ripoti huingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na mwenye kuripoti hupewa namba yake. Usiandike kwamba sheria inataka mzazi angoje saa 24. Sharti hilo halipo. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, ya bure.

Hatua ya 8. Futa ndoto zote.

MASWALI

Kizingo Boy: Mtoto apotelee wapi sasa?

Mwandishi: Hatua ya 1 na ya 2.

Kizingo Boy: Nimesoma, lakini nipe wazo tu basi.

Mwandishi: Hukusoma. Nikikupa mahali, jedwali pia utataka nikuchoree.

Bi Mrashi: Shikamoo mwalimu. Je, msimulizi akiwa nduguye aliyepotea, wa miaka saba?

Mwandishi: Marahaba, Bi Mrashi. Swali zuri sana. Mtoto huyo usimpe saa. Mpe adhana, kutoka chuoni, harufu ya mahamri. Atakumbuka rangi ya leso na kusahau sura. Tena hutaja watu kwa ukoo: "mama mdogo" kwake anaweza kuwa mdogo wa mama, mke wa baba mdogo, hata jirani. Askari akiandika jina moja, wengine wote wamesalimika. Ila usimpe maelezo ya mtu mzima. Aone, asifafanue.

Mtu wa Mtongwe: Hatua ya 5 umekaza mno. Msimulizi wangu anaficha na wasomaji wamependa.

Mwandishi: Waulize kama waliirudia kuisoma. Riwaya ya namna hii hupimwa kwa usomaji wa pili.

Mtu wa Mtongwe: Sawa. Basi nami niongeze la bahari, maana mnaliandika ovyo. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapa kwetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi jioni, hupwa kwenye saa nne asubuhi. Ukiandika mbalamwezi kamili na mtoto anatembea mwambani saa kumi na moja jioni, mvuvi atafunga kitabu.

Mwandishi: Ahsante sana, ndugu yangu. Hilo naliongeza hatua ya 3.

Bi Mrashi: Na maji mafu?

Mtu wa Mtongwe: Hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: asubuhi kwenye saa nne maji yamejaa. Weka safu ya nne kwenye jedwali lako, ya maji.