Somo: Kutunuku Majina ya Heshima na Kupanga Makundi katika Mchezo wa Kuigiza Mtandaoni

Assalam aleikum, wenzangu. Tangu hadithi yetu ya mji wa kale, tunayoiigiza pamoja mtandaoni, ipate wachezaji wa Amu (mji wa Lamu), Shela, Matondoni na Faza, maswali yanayonijia ni yale yale: nani anastahili kuitwa Nahodha, nani mwenye haki ya kumtunuku, na akishaitwa hivyo anaweza kumtoa mtu mchezoni? Naliandika kama somo ili hata anayeanzisha mchezo wake Malindi au Mombasa alifuate.

Msimamo wangu nautanguliza. Heshima ni ya mchezaji, kundi ni la mhusika, na mamlaka ni ya kazi. Vikichanganywa, watu huacha kuigiza wakaanza kugombea ukubwa.

HATUA YA KWANZA: Anza na karatasi, simu baadaye

Chora safu tatu. Ya kwanza andika kazi: nani anapokea wageni, nani anasimulia, nani anaamua ugomvi. Ya pili andika makundi ya wahusika. Ya tatu andika majina ya heshima. Kisha hakikisha hakuna jina linalojirudia katika safu mbili. Kama Nahodha ni mhusika anayeendesha jahazi ndani ya hadithi, admini asiitwe Nahodha. Mgeni akisoma "Nahodha amekataza", atajuaje kama ni tukio la hadithi au ni amri ya kweli?

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mchezo wa kuigiza wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ulikuwa na jina kwa kila daraja la mhusika: mpiganaji wa daraja la nne aliitwa shujaa, na wa daraja la tisa aliitwa bwana. Lakini bwana huyo alikuwa bwana ndani ya hadithi tu. Mezani, neno la mwisho lilibaki kwa msimulizi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw akaanza kuunda mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha Richard Bartle akauendeleza. Humo watu wengi walicheza pamoja kwa maandishi matupu kupitia kompyuta. Aliyefikisha pointi za kutosha alikuwa mchawi, na mchawi alipewa uwezo ambao mchezaji wa kawaida hana. Cheo na ufunguo vikafungwa pamoja. Mimi naifuata njia ile ya mwaka 1974, na ninaitetea kwa nguvu zote: kuigiza vizuri si ushahidi kwamba mtu anaweza kuamua ugomvi kwa haki.

HATUA YA PILI: Panga makundi yenye jambo la kushindania

Usianze na makundi kumi. Anza na mawili, ukizidisha sana manne. Mji wetu wenyewe unatufundisha. Mkomani iko kaskazini, Langoni iko kusini, na hadi leo mtu akikutajia mtaa wake umeshajua mengi kumhusu. Zamani zaidi wenyeji waligawanyika pande za Zena na Suudi, na masimulizi ya mji yanasema pande hizo zilipokezana uongozi.

Kupokezana huko ndiko nilikokuingiza mchezoni. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, upande mmoja unashika baraza la mji. Kusi ikiingia baada ya mvua za masika kuanza, upande wa pili unapokea. Mchezaji wa upande ulio nje ya baraza haoni kwamba ameshindwa milele; anajua zamu yake inakuja na pepo, na wakati huo anapanga, ananong'ona, anatafuta marafiki. Hadithi inajiendesha.

Kila kundi lipe mambo matatu: kitu linachomiliki, kitu linachokikosa, na siri moja. Upande wenye visima usiwe na bandari. Wenye bandari wanunue maji. Siri ijulikane na wenye kundi na msimulizi peke yao. Halafu kuwe na kundi la katikati linalohitajiwa na wote. Kwetu ni watu wa jahazi, na ndani yake vyeo vimekwishapangwa na bahari: nahodha, serehangi (mkuu wa mabaharia), rubani, mabaharia, mpishi. Hivi ni vyeo vya wahusika. Nahodha akizama kwenye hadithi, serehangi anapanda, na mchezaji aliyempoteza mhusika wake anaanza upya kama baharia bila kupungukiwa heshima yoyote kwetu.

HATUA YA TATU: Majina ya heshima yawe machache

Waliofika Makumbusho ya Lamu wameziona siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Siwa haikupigwa ovyo. Ilipigwa kwenye harusi na sherehe za watu wakubwa wa mji, na uchache huo ndio ulioipa sauti yake uzito. Jina la heshima nalo liwe hivyo. Ukitunuku kila Ijumaa, baada ya miezi michache hakuna atakayegeuka kutazama.

Tunuku jambo lililotendwa na linaloweza kuonyeshwa. "Amechangamsha sana" halitoshi. "Aliandika tukio la soko lililowaingiza wageni sita kwenye hadithi" linatosha, kwa sababu yeyote anaweza kurudi akalisoma. Sisi tunatumia Mpiga Siwa kwa anayefungua matukio yanayowavuta wengine, Fundi wa Jahazi kwa anayeunganisha visa vilivyokatika, Malenga kwa anayetunga mashairi ya hadithi, na Mpokea Wageni. Mchezaji yeyote anapendekeza, anaweka kiungo cha tukio, watu wanapewa wiki moja kusema yao, kisha msimulizi anatangaza. Anayependekezwa asipige kura, na ndugu yake wa nyumba moja asiwe ndiye mpendekezaji pekee.

Kuna majina ambayo hapa petu hatuyachezei. Sayyid, Sharifu, Shekhe, Habib: haya yana wenyewe. Ni nasaba na elimu za watu tunaosalimiana nao njiani, tunaokaa nao Msikiti wa Riyadha wakati wa Maulidi. Mhusika wa hadithi anaweza kuwa mtu wa dini, lakini kumtunuku kijana jina la Sharifu kwa sababu ameandika vizuri ni kuwavunjia watu heshima yao. Hili sina mjadala nalo.

HATUA YA NNE: Kuviweka kwenye simu

Kwenye Telegram, fungua kundi, gusa jina la mwanachama, mfanye admini, kisha zima ruhusa zote unazoweza kuzizima: kufuta ujumbe, kuwafungia watu, kuongeza maadmini wengine. Chini kabisa kuna nafasi ya kuandika jina maalumu, nalo lisizidi herufi 16 pamoja na nafasi kati ya maneno. Jina litaonekana pembeni ya kila anachoandika. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaandika jina na kuziacha ruhusa wazi.

Discord, programu nyingine ya mazungumzo ambako kundi huitwa seva, ni rahisi zaidi kwa kazi hii. Katika mipangilio ya seva unaunda wadhifa, unaupa jina na rangi, na unaamua kama wenye wadhifa huo waonekane peke yao kwenye orodha ya wanachama. Nyadhifa za heshima na za makundi zisiwe na ruhusa hata moja ya usimamizi. Mpangilio wa juu na chini una maana: mwenye ruhusa ya kusimamia nyadhifa anaweza kugusa zile tu zilizo chini ya wadhifa wake wa juu kabisa. Kwa hiyo za kazi ziweke juu, za heshima katikati, za makundi chini. Seva moja inabeba nyadhifa 250. Ukikaribia hapo, rudi hatua ya pili.

HATUA YA TANO: Daftari

Mtu mmoja aandike jina, tarehe na kiungo cha tukio. Ubandike ujumbe huo juu ya kundi. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Matondoni: Mwalimu, mimi nipo tangu siku ya kwanza. Walionikuta wana majina, mimi sina. Ni haki?

Jibu: Ndugu yangu, ukongwe tunauheshimu, ila si tendo. Ukitaka utambuliwe, weka alama ya mwaka wa kujiunga, apewe kila aliyeingia mwaka huo bila kura. Na nimepitia visa vyako: ule wa kushona tanga usiku unastahili pendekezo. Mwombe mwenzako auweke.

Mwanachama wa Faza: Hadithi ni ya Amu ya zamani. Mbona hakuna kundi la watumwa? Tunaficha historia?

Jibu: Hatufichi. Utumwa ulikuwepo hapa, na hadhi yake kisheria ilifutwa mwaka 1907 tu katika pwani yetu hii iliyokuwa chini ya Waingereza. Tunausimulia kupitia wahusika wanaochaguliwa na wachezaji wenyewe, kwa ridhaa, wenye majina, familia na nia zao. Kundi ni jambo jingine: lina rangi, linamfuata mtu kila anapoandika, hata akiuliza bei ya bando. Simbandiki mtu alama hiyo, hasa katika mji ambao wajukuu wa pande zote mbili bado wanaishi jirani. Ukiwa na mhusika wa namna hiyo unayetaka kumwandika, nitafute tumpange vizuri.

Mzazi, Shela: Mwalimu, binti yangu wa miaka 14 nimeona ameandikwa "Mke wa Mwenye Mui". Ni kitu gani hiki?

Jibu: Shikamoo mama, na ahsante kwa kusema. Mwenye Mui ni mkuu wa mji katika hadithi; jina hilo limeondolewa leo. Kuanzia sasa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hapewi mhusika wa ndoa wala jina linalomtaja kwa mume, na ana kundi lake la umri ambalo wakubwa hawaruhusiwi kulitumia kuwaandikia watoto faraghani. Discord yenyewe haimpokei aliye chini ya miaka 13, nasi tunalifuata hilo. Karibu uingie kama mtazamaji wakati wowote.

Mwanachama wa Malindi: Kaka, sisi hadithi yetu ni ya mwaka 1498, Vasco da Gama anatia nanga kwetu, kisha anapewa rubani wa kumvusha hadi Kalikati, India. Rubani tumweke kundi la Wareno au la mji?

Jibu: La mji. Yumo chomboni mwao lakini si wao, na mvutano wote wa hadithi yenu umo hapo. Mpeni chaneli moja anayoisoma pamoja na Wareno, na nyingine wasiyoiona.

Mwanachama wa Langoni: Nataka niandikwe "Mpiga Siwa wa Langoni" kwenye Telegram, inakataa.

Jibu: Ni herufi 21. Andika "Mpiga Siwa". Mtaa wako uweke kwenye maelezo ya mhusika.