Kuchagua na kufunga sola ya nyumbani kwa gharama nafuu

Mtu anapoamua kufunga sola nyumbani, swali lake la kwanza dukani huwa ni bei ya paneli, na hapo ndipo anapoanza kukosea. Paneli ndiyo sehemu ya mfumo inayodumu kuliko zote, miaka 20 na zaidi, na bei yake imeshuka sana. Kinachommalizia fedha mwenye nyumba ni betri anayolazimika kuibadilisha kila mara kwa sababu tangu mwanzo haikulingana na matumizi yake. Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani, kwa kalamu na daftari, kabla ya kupanda basi kwenda Kariakoo au kwenye duka la mjini.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu na sebule kijijini, wilayani Kondoa. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa 5 kila usiku, zinatumia wati-saa 100, yaani wati zikizidishwa kwa saa. Televisheni ndogo ya volti 12 yenye wati 30, ikiwashwa kwa saa 4, inakula wati-saa 120. Simu tatu zinazochajiwa kila siku huhitaji kama wati-saa 30, na redio ya wati 5 inayosikilizwa saa 6 inahitaji nyingine 30. Jumla ni wati-saa 280 kwa siku. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kutokana na joto la paneli, vumbi, urefu wa nyaya na betri yenyewe, gawanya jumla hiyo kwa 0.7, upate 400.

Hatua inayofuata ni kugawa 400 kwa saa za jua kali. Jua huonekana angani kwa saa 12 hivi, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu, hivyo nguvu yote ya siku hulinganishwa na saa chache za jua la utosini. Kwa mkoa wa Dodoma hesabu ya saa 4.5 ni ya tahadhari na inatosha, nayo inatoa wati 89, maana yake paneli ya wati 100. Anayeishi Njombe au Lushoto, ambako ukungu wa Juni na Julai hufunika milima nusu ya siku, atumie saa 3.5, na atajikuta anahitaji paneli ya wati 120 au 150.

Katika hesabu hiyo sikuweka pasi ya umeme, na sikuisahau. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500, karibu mara mbili ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku, kwa hiyo katika mfumo wa bei nafuu pasi ya mkaa ibaki kazini. Ni vyema pia kununua taa na televisheni za volti 12 badala ya kuweka inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, kwani inveta ni gharama ya ziada na huendelea kunyonya betri hata pale ambapo hakuna kitu kilichochomekwa.

Sasa betri, ambayo inastahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Betri ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo umri wake unapungua haraka. Ukitaka ikuvushe usiku wa leo na wa kesho pale mawingu yanapotanda, unahitaji wati-saa 560, ambazo zikiwa ndiyo nusu, betri nzima iwe na wati-saa 1,120. Gawanya kwa volti 12 upate ampea-saa 93, kipimo kinachoandikwa kwenye betri, kwa hiyo nunua ya ampea-saa 100. Muuzaji anaweza kukushauri uchukue betri ya gari kwa sababu ni rahisi, nami niliwahi kukubali ushauri huo. Mwaka haukuisha kabla taa hazijaanza kufifia saa mbili za usiku. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha kujazwa mara moja, haikuundwa kukamuliwa polepole usiku kucha.

Betri ya lithiamu, ile ya aina ya fosfeti ya chuma, inavumilia kutumika hadi asilimia 80 bila kudhurika, hivyo kwa nyumba hiyohiyo ampea-saa 60 zinatosha. Bei yake dukani inatisha, lakini hudumu miaka mingi zaidi ya betri ya asidi, ambayo hata ikitunzwa vizuri huishi miaka michache tu. Mwenye uwezo wa kukusanya fedha taratibu namshauri asubiri na anunue lithiamu, mradi ahakikishe kwamba chaja kontrola yake ina mpangilio wa betri za aina hiyo.

Chaja kontrola ndiyo inayozuia betri isijazwe kupita kiasi wala isikaushwe. Paneli ya wati 100 katika mfumo wa volti 12 hutoa ampea zisizofika 9, kwa hiyo kontrola ya ampea 10 inafaa, na ya ampea 20 inakuachia nafasi ya kuongeza paneli ya pili baadaye. Hapa kuna mtego mmoja. Paneli kubwa za wati 400 na kuendelea huwa na bei nafuu kwa kila wati, na wengi huzikimbilia, lakini volti zake hupita 30. Zikiunganishwa na kontrola ya kawaida ya PWM, ambayo huziburuta volti za paneli zishuke hadi za betri, kwenye betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya nguvu hupotea bure. Paneli hizo zinahitaji kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, ambayo bei yake inaweza kula akiba yote uliyodhani umeipata.

Ukiwa dukani usisome kibandiko peke yake, bali nenda na futi kamba. Vipimo vya paneli vya viwandani hufanywa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza takriban asilimia 20 ya mwanga huo kuwa umeme. Kwa hiyo wati 100 haziwezi kutoka kwenye eneo dogo sana kuliko nusu mita ya mraba. Ukikuta paneli ya sentimita 100 kwa 60 imeandikwa wati 200, jua kwamba kibandiko kinadanganya, kwani eneo hilo haliwezi kutoa zaidi ya wati 120 na kitu. Omba itolewe nje mchana kweupe, igeuzwe kulielekea jua, kisha ipimwe kwa multimita, kifaa cha kupimia volti na ampea: ya wati 100 inapaswa kuonyesha volti 20 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na ampea zaidi ya 5 nyaya zake mbili zinapopitishwa moja kwa moja kwenye kipimo cha ampea 10. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu. Dai risiti na waranti iliyoandikwa.

Juu ya paa, paneli ielekee kaskazini kwa sisi tulio kusini mwa ikweta. Simama ukinyoosha mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza, nawe utakuwa unatazama kaskazini. Mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na huhitaji kifaa cha kuupima: kwa paneli yenye urefu wa mita 1, ukingo wa kusini uinuliwe sentimita 18 hadi 26 kuliko ule wa kaskazini. Mwinuko huo huifanya mvua isafishe vumbi badala ya kuliacha likituama. Fremu ifungwe kwa boliti zilizoshika mbao za kenchi au papi, kwa sababu boliti iliyoshika bati peke yake itang'oka na upepo, na kila tundu lizibwe kwa silikoni. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya bati na paneli ili hewa ipite, kwani kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu kwa kama asilimia 0.4, na juu ya bati la Dodoma paneli hufika nyuzi 60 bila shida. Tazama kivuli pia, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Tawi moja la mwembe likifunika pembe tu ya paneli, umeme wa paneli nzima huporomoka.

Waya ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi hubania. Kwa umbali wa mita 10 kutoka paneli hadi kontrola, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu volti 1.5 njiani, wakati wa milimita 4 hupoteza nusu volti tu. Nunua wa milimita 4.

Katika kuunganisha, mpangilio ni mmoja. Kwanza betri iungwe kwenye kontrola, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, na fyuzi ikae kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri. Kisha paneli, ikiwa imefunikwa kwa blanketi ili isitoe umeme wakati mikono yako iko kwenye nyaya. Mwisho taa na vifaa vingine. Wakati wa kufungua, anza na vifaa, fuata paneli, malizia na betri. Betri ya asidi ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na chumba cha kulala, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kazi hii ya volti 12 mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe, lakini inveta inayoungwa kwenye nyaya za nyumba, hasa yenye umeme wa TANESCO, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Baada ya hapo, osha kioo alfajiri kabla hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini, na ongeza maji yaliyosafishwa, si asidi, kwenye betri inayohitaji kujazwa. Mara mojamoja ipime betri ya asidi asubuhi kabla jua halijapanda na vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Ikisoma chini ya volti 12.2 imetumika zaidi ya nusu, na hilo likijirudia siku tatu mfululizo wakati wa kiangazi, rudi kwenye daftari uone ni kifaa gani kimeongezeka nyumbani bila kuandikwa.