SOMO: Kuzurura Accra peke yako, anza na trotro

Wakuu, nimerudi Accra juzi kati, naweka hapa nilivyofanya.

Hatua ya 1. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pale uwanja wa ndege wanaiangalia. Saa rudisha nyuma masaa matatu.

Hatua ya 2. Achana na teksi mchana, panda trotro. Ni daladala kabisa, ila konda wao wanaandika "mate" wanatamka meiti (usicheke). Anaimba sek-sek-sek-sek, hapo anaita abiria wa Circle (makutano makubwa ya barabara mjini), na wewe ukiwa barabarani unaelekeza kidole chini unakizungusha, maana yake naenda Circle, usipozungusha gari linakupita hivi hivi. Nauli toa kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nimekumbatia begi nikatoa kwa kushoto, mate akaangalia pembeni kama hajaona, mama mmoja akaichukua ile hela akampa yeye.

Hatua ya 3. Jamestown nenda asubuhi, kuna mnara wa taa wa mistari myekundu na myeupe na wavuvi wa kabila la Ga. Kijana akijitolea kukutembeza patana bei kwanza. Ukitoka hapo nenda soko la Makola, simu mfuko wa mbele, halafu kaburi la Nkrumah, ndo uwanja aliotangazia uhuru 6 Machi 1957.

Hatua ya 4. Kula waakye, wali na kunde uliopikwa na majani ya mtama ndo maana una rangi ya kahawia, wanakufungia kwenye jani na yai, tambi, pilipili nyeusi ya shito na gari. Gari ni unga wa muhogo, sio usafiri 😂

MASWALI

– Mkuu mi mdada, usiku vipi?
Mtaa wa Osu watu wapo mpaka usiku, ila kurudi ita gari kwa app, linganisha namba kabla hujapanda, trotro usiku sikushauri.

– Lugha?
Kiingereza kinatosha, ila kwenye kununua sema medaase, asante ya Kitwi. Wakikuuliza umezaliwa siku gani wajibu, mimi Ijumaa, basi mama wa waakye akaniita Kofi, jina la mwanaume wa Ijumaa, siku zote na yai la pili nikapewa bure.

– Mi Jumatano je?
Akua. Ungekuwa mwanaume, Kwaku.