Namna ya Kukiri Kosa la Zamani na Kulirekebisha

Kiswahili kina vitenzi vinavyomficha mkosaji. Aliyevunja kikombe cha mwenzake husema kimevunjika, aliyetumia fedha asizokabidhiwa husema zimepotea, na msikilizaji hubaki na tukio lisilo na mtendaji. Kwa hiyo anayetaka kukiri kosa na aanze kwa kuandika sentensi moja inayoanza na "ni-": nilichukua, nilificha, nilimsingizia. Sentensi hiyo isiwe na neno "lakini", kwani yanayolifuata kwa kawaida ni utetezi.

Nilijifunza hilo nikiwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Wanachama wawili walinipa marejesho yao nje ya kikao, jumla shilingi 60,000, nami sikuyaandika wala kuyatia sandukuni. Nililipia ada ya mtoto, nikitumaini kuyafidia kabla ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba. Daftari liliposomwa na wawili hao wakalalamika, nilijibu kwamba hesabu zimechanganyika. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole, "Zimechanganyika zenyewe, mwanangu?" Nilihitaji wiki mbili kupata jibu la swali hilo.

Sentensi ikishakamilika, mpelekee kwanza aliyedhurika, ana kwa ana, kabla ya kuwasimulia wengine. (Kosa likiwa la jinai, ni busara kumwona wakili kwanza.) Taja ulichofanya na hasara uliyomsababishia, kisha nyamaza. Epuka kusema "kama nimekukosea", maana "kama" hiyo inaligeuza kosa kuwa jambo la kubishaniwa, na usitangulie kusema "yaishe", kwa kuwa neno hilo ni la aliyekosewa, naye ana haki ya kulichelewesha au kutolitamka kabisa. Akikasirika, msikilize mpaka mwisho. Hasira yake ni sehemu ya deni.

Maneno peke yake hayatoshi. Wanavyuoni wa Kiislamu hutaja masharti matatu ya toba, yaani kuacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na pale inapohusika haki ya mtu huongeza la nne, kumrudishia haki yake. Akiwa amefariki, mali hupelekwa kwa warithi wake. Binafsi naona sharti hilo la nne ndilo linalokimbiwa zaidi, pengine kwa sababu machozi ni rahisi kuliko fedha.

Mfano wa kiongozi unatusaidia hapa. Serikali ya Tanzania ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Nyerere alisema waziwazi kwamba kama angeanza upya asingefanya mambo hayo mawili, akataja na chanzo chake: kukosa subira na kutojua. Sheria za kuvirudisha vyombo hivyo zilikuwa zimekwisha kupitishwa mwaka 1982, hivyo aliposema hayo marekebisho yalikuwa tayari yameanza. Inafaa pia kuona kwamba alitaja makosa mahususi, mawili, badala ya kusema kwamba binadamu hukosea.

Hatua ya kujirekebisha ndiyo inayohitaji fikra zaidi. Usiishie kuahidi kuwa mtu mwema, kwa kuwa ahadi hiyo haipimiki. Fuatilia mlango ambao kosa lilipitia, uuzibe. Mwenye ulimi mkali akiwa na njaa na apange mazungumzo mazito baada ya chakula. Anayekopa asirudishe na aache kukopa kwa marafiki mpaka deni la kwanza liishe. Kwangu mlango ulikuwa kupokea fedha bila mashahidi, nikapendekeza malipo yote yafanyike kikaoni, yahesabiwe kwa sauti na kuandikwa hapohapo. Zile 60,000 nilizilipa kwa awamu nne, na kwa ombi langu sanduku likahamia nyumbani kwa mama yuleyule aliyeniuliza swali.