Jinsi ya kuwapokea wanachuo wapya na kuwaeleza sheria za chuo wakaelewa

Hii nawaandikia wale waliopewa kazi ya kupokea mwaka wa kwanza, uwe mlezi wa hosteli, uwe kwenye serikali ya wanafunzi, uwe mhadhiri mshauri au umejitolea tu kwa sababu we ni mtu wa watu. Kwenye vyuo vingi hii kazi inafanywa kinyume, yaani mtoto wa watu amefika leo asubuhi, begi bado liko mlangoni, hajui atalala wapi, simu imeisha chaji, alafu anaingizwa ukumbini na wenzake mia kadhaa anasomewa sheria ndogo za chuo kuanzia kifungu cha kwanza mpaka cha mwisho, mwishoni anapewa fomu asaini kwamba amesoma na ameelewa. Ameelewa nini pale? Mwezi wa pili anaitwa kamati ya nidhamu anasema sikujua, na ukweli ni kwamba hakujua.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi, kwanza mtu akae, alafu ajue watu, alafu ndo aambiwe sheria. Mtu anafuata sheria za mahali anapojiona na yeye ni mwenyeji.

Kazi inaanza kabla hawajafika. Watumieni ujumbe mmoja mfupi wenye mambo manne tu: aje na nini, afikie wapi, amuulize nani, na malipo yanafanyikaje. Hilo la malipo liandikeni kwa herufi kubwa maana msimu wa kuripoti ndo msimu wa matapeli, mtu anafungua akaunti yenye nembo ya chuo anawaambia watoto chumba kinakaribia kuisha tuma hela haraka kwa namba hii. Semeni wazi kwamba chuo hakipokei hela kupitia namba ya mtu binafsi, na kama una wasiwasi uliza ofisini kabla hujatuma. Sheria za mavazi na kelele na mengineyo bado, zitakuja.

Kingine cha kabla, ongeeni na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Hili watu wanaliruka sana. Mgeni anaiga anachokiona kwa hao hao, akiona kaka wa mwaka wa tatu anaingia bila kitambulisho na mlinzi anacheka naye tu, basi ukurasa wako wa vitambulisho umeshakufa. Hao wakubwa waelezwe mwaka huu tunataka nini, wachaguliwe wale wanaojua kuongea na watu bila kujikweza, na wafundishwe, asipewe mtu kikundi cha wageni kwa sababu tu ni maarufu.

Siku ya kuripoti

Siku hiyo ni funguo, kitanda, choo kiko wapi, maji yanatoka saa ngapi, akiumwa aende wapi, usiku ampigie nani. Basi. Sheria za siku ya kwanza ziwe zile tu ambazo akizikosa usiku ule ule anaweza kuumia. Moto uwe wa kwanza, hakuna kupika chumbani kama jengo halijajengewa hivyo, hakuna kuacha simu inachaji chini ya mto, hakuna kuunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni. Na mlango wa dharura usimwonyeshe kwenye ramani, tembea naye mpaka ufike nje, kwa miguu, dakika tano zinatosha. Utashangaa wangapi wanamaliza miaka mitatu hawajui ule mlango wa nyuma unafunguka kwa kusukuma au kwa kuvuta (na wakati mwingine mtagundua umefungwa kwa kufuli, hapo kosa sio la mwanafunzi, kamshike aliyefunga).

Wazazi nao watakuwepo. Wapokeeni kwa heshima zote, shikamoo ziwepo, lakini wajue mapema kwamba kijana wao sasa ni mtu mzima na chuo hakitakuwa kinawapigia simu kila akikosa kipindi. Wengine watanuna kidogo, sawa tu.

Siku ya pili au ya tatu ndo sheria

Vunjeni ule ukumbi. Watu kumi na mbili mpaka kumi na tano kwa kikundi, wakae duara, mkubwa mmoja wa kuongoza. Kila sheria ielezwe kwa maneno ya kawaida na ibebe vitu vitatu: nini hakiruhusiwi, kwa nini, na ukivunja nini kinatokea hasa. Ukisema "hatua kali zitachukuliwa" hujasema kitu. Sema kosa la kwanza la kelele usiku ni onyo la maandishi, la pili unaitwa ofisini, la tatu unaweza kupoteza chumba, kama hivyo ndivyo ilivyo kwenu. Na kama wewe mwenyewe hujui sheria fulani ipo kwa ajili gani, kaulize kabla ya kikao, maana kuna mmoja lazima atauliza.

Pale pa kukaa muda mrefu ni kwenye kukopi, maana hapa wengi wanaponzwa na mazoea kuliko ubaya. Mtu ametoka sekondari ambako kukariri maneno ya kitabu neno kwa neno ndo kulikuwa kunampa alama, leo anafanya hivyo hivyo kwenye asaimenti anaambiwa ameiba. Usimpe hotuba. Chukua aya moja, waonyeshe ilivyoandikwa kwenye kitabu, alafu ilivyochukuliwa yote bila kutaja mwandishi, alafu ile ya ujanja ambayo mtu amebadilisha maneno mawili matatu akadhani amesalimika, alafu iliyoandikwa kwa maneno yake na chanzo kimetajwa. Waulize wao ipi ni kosa. Kwenye ile ya maneno mawili matatu watabishana, waache wabishane, hapo ndo wanajifunza.

Kuhusu ChatGPT na ndugu zake, usiwape jibu moja kwa masomo yote maana mhadhiri huyu anaruhusu kutafuta mawazo, yule hataki kabisa, mwingine anataka useme umeitumia wapi. Waambie waulize kabla, kwa maandishi, na watunze rasimu zao za kazi, siku ukituhumiwa kwamba hukuandika mwenyewe zile rasimu ndo zinakutetea. Na mwanafunzi mzuri aambiwe pia kwamba akimpa rafiki kazi yake "aangalie tu" na rafiki akaikopi yote, kwenye vyuo vingi wote wawili wanaitwa. Vilevile simu kwenye chumba cha mtihani, hata ikiwa imezimwa na iko mfukoni, sehemu nyingi kuwa nayo tu ni kosa, haijalishi uliigusa au hukuigusa. Watu wanapoteza mwaka mzima kwa hili.

Kuwapeleka puta wageni

Hapa mi sina lugha ya upole. Kila mwaka kuna wakubwa wanaona lazima wageni wateswe kidogo ndo wawe wenyeji, wapigishwe magoti, wanyweshwe pombe kwa nguvu, watoe hela, wavuliwe nguo wapigwe picha, na ukiuliza unaambiwa ni utamaduni na sisi tulifanyiwa. Ni kweli ni jambo la zamani, Chuo Kikuu cha Paris kilishaanza kukataza wageni wasichukuliwe hela zao mwaka 1340, sasa kama karne zote hizo watu wanalipiga marufuku nadhani ukale wake sio sifa. Sri Lanka waliitungia sheria ya bunge mwaka 1998. India mwaka 2009 tume inayosimamia vyuo vikuu ilitoa kanuni zinazotaka mwanafunzi na mzazi wote wasaini kiapo cha kutojihusisha na mateso hayo. Hawakufika huko kwa sababu ya utani, watu walikufa.

Kwenye kikundi sema hivi: kusema "mbona alikubali mwenyewe" hakukuokoi, kwa sababu mtu aliyefika jana, hana rafiki hata mmoja, akizungukwa na watu kumi hana nafasi ya kukataa. Kama wakubwa wanataka sherehe ya kupokea wageni wapeni kazi ya kufanya, wabebe mabegi, wawapeleke maktaba, waandae mechi au muziki. Kipimo chepesi ni hiki, kama mnachokifanya hamtaki mlezi wa hosteli apite akione, msikifanye.

Mambo ya mwili na pombe

Msione aibu kulisema. Ridhaa ni mtu mwenye akili timamu amekubali bila kulazimishwa, na anaweza kubadilisha mawazo katikati na ukaacha. Mtu amelala, mtu amelewa, hajakubali. Kunyamaza nako sio kukubali. Waambieni wavulana na wasichana wakiwa pamoja, ukiwatenganisha kila upande unaenda kusikia nusu.

Na rushwa ya ngono itajwe kwa jina lake. Mhadhiri au mfanyakazi yeyote akikutaka ili akupe alama, chumba au sahihi, hilo ni kosa lake sio lako. Usifute meseji, piga skrini shoti, andika tarehe na saa, mwambie mtu unayemwamini, alafu peleka. Lakini hapa wewe mpokeaji una kazi, lazima pawe na njia zaidi ya moja ya kupeleka, kwa sababu kama njia pekee ni mkuu wa idara na mlalamikiwa ndo mkuu wa idara, hiyo sio njia.

Kuna namba ambazo ningetaka zibandikwe kwenye kila mlango wa choo. Aliyebakwa akipata dawa za kuzuia VVU, zile PEP, lazima azianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi mpaka siku 5, mapema ndo bora zaidi. Kwa hiyo hospitali kwanza, kama anaweza asioge wala kubadilisha nguo kabla, na kama ameshaoga aende vilevile. Maswali ya ulikuwa umevaaje na ulifuata nini kule yasitoke mdomoni kwa mtu yeyote wa chuo.

Pombe sasa. Hata kama chuo kinaikataza wapo watakaokunywa, kwa hiyo wafundishe cha kufanya. Kahawa haipunguzi pombe mwilini, maji ya baridi ya kuoga pia hayapunguzi, ini linafanya kazi kwa mwendo wake. Mwenzako kalewa mpaka haamki, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, usimwache peke yake, ita msaada. Wengi hawaiti kwa kuogopa kuadhibiwa, basi nendeni ofisini kabla ya msimu mkapate kauli ya maandishi kwamba aliyepiga simu kuokoa mwenzake hataadhibiwa kwa kunywa. Mkikosa kauli hiyo msiahidi, mkiahidi uongo mara moja hakuna atakayewapigia tena.

Na kingine, usitegemee wingi wa watu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Darley na Latané, mwaka 1968 walifanya jaribio lao la mtu anayesikika akizidiwa chumba kingine, wakaona kadiri mtu anavyodhani kuna wengine wanaosikia ndivyo anavyochelewa kutoa msaada au haendi kabisa. Kwa hiyo fundisheni kuelekeza mtu mmoja, "wewe mwenye shati la bluu piga simu, wewe kamwite mlinzi". Wafanyeni waseme kwa sauti pale pale kwenye kikundi, watacheka, lakini itabaki kichwani.

Ukiitwa kwenye kamati

Hii sehemu vyuo vingi vinaificha, na mi naona kuificha ndo kunaleta migomo. Mwambie mwanafunzi haki zake siku ile ile unayomwambia sheria: tuhuma apewe kwa maandishi, apewe muda wa kujiandaa, asikilizwe, alete shahidi, na aambiwe rufaa inaenda wapi na ndani ya siku ngapi. Marekani suala hili lilifika mahakamani, wanafunzi wa chuo cha Alabama State walifukuzwa mwaka 1960 baada ya maandamano ya kupinga ubaguzi bila hata kusikilizwa, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa ikasema chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mtu bila kumjulisha kosa na kumpa nafasi ya kujitetea. Na ushauri wa bure kwa mwanafunzi, ukipata wito nenda, asiyetokea mara nyingi anaamuliwa bila yeye.

Fomu ya kusaini itoke hapa sasa, baada ya kikundi, na nakala abaki nayo.

Grupu la WhatsApp liwe na masharti machache tu, hakuna kurusha picha ya mtu bila ruhusa yake, matangazo ya chuo yatoke kwa mtu mmoja anayejulikana, na ugomvi wa rumeti usiletwe humo. Ugomvi wa rumeti umalizwe mapema kwa kuwakalisha wiki ya kwanza wakubaliane kulala saa ngapi, wageni, usafi, kuazimana vitu, waandike kwenye karatasi waibandike mlangoni kwa ndani.

Alafu rudini. Wiki ya tatu na wiki ya sita wale wale wakubwa wapite kwenye vikundi vyao, wasiende na daftari la makosa, waulize nani haonekani darasani, nani hatoki chumbani, nani anataka kubadilisha kozi na hajui aanzie wapi. Wengi wanaoacha chuo kimya kimya walikuwa wameshaonyesha dalili wiki hizi, hakuna aliyegonga mlango.

Na wapo waliochelewa kuripoti, wa udahili wa awamu ya mwisho, waliokuwa wanahangaikia ada, waliokuwa wanaumwa. Hawa ndo wanapewa karatasi tu wanaambiwa kasome, na ndo baadaye unawakuta wengi kwenye orodha ya kesi. Wapangieni siku yao, hata wakiwa watano, kikundi kile kile, mazungumzo yale yale, na wao pia watembezwe mpaka kwenye mlango wa dharura.