Uandike shajara mara ngapi kwa wiki? Namna ya kupata mwendo wako

Naandika shajara tangu 2009, na kaunta buku zilizojaa sasa ni kumi na moja. Miaka mitatu ya mwanzo nilijilazimisha ukurasa mzima kila usiku. Nikizisoma kurasa zile leo, nyingi zinasema nimechoka na nimelala. Wanaoanza huwa nawaelekeza hivi.

1. Amua unachotunza. Anayefuatilia mvua za vuli shambani kwake aandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu tarehe ikishapita hairudi kichwani. Anayeuguza aandike kila anapotoa dawa. Lakini kama unataka kuyaelewa maisha yako, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Jambo likilala siku mbili tatu unaliona vizuri zaidi.

2. Jipime siku 14. Kila siku mistari mitatu, basi. Usirudi nyuma kusoma.

3. Siku ya 15, soma zote. Weka alama kwenye siku ambazo ungesikitika kuzipoteza. Zikifika kumi, wewe ni wa kila siku. Zikiwa kati ya nne na tisa, andika mara mbili au tatu kwa wiki. Chini ya hapo, mara moja. Kipimo hiki nimekitunga mwenyewe na bado nakitumia.

4. Funga uandishi wako kwenye kazi usiyoikwepa. Mimi kwa kawaida ni Alhamisi baada ya Isha, na Jumapili nikimaliza kupiga pasi sare za watoto.

5. Katikati, dokeza tu. Jina, bei, neno ulilosikia: liweke kwenye kijidaftari cha mfukoni. Samuel Pepys wa London, aliyeandika shajara kuanzia 1 Januari 1660 hadi 31 Mei 1669, mara nyingine alikusanya vidokezo vya siku kadhaa akaja kuziandika kwa pamoja.

6. Usiandike viporo. Ukiruka wiki, anza na tarehe ya leo. Kujaza siku zilizopita kwa kubahatisha kunachosha, na ndiko kunakowafanya wengi waliweke daftari kabatini moja kwa moja.

Ila msiba ni kitu kingine. Baba alipofariki sikushika kalamu mpaka arobaini ikapita. Nilidhani nitakumbuka. Leo sijui ni nani aliyekesha nasi usiku wa kwanza, wala yule mzee aliyesimulia jinsi baba alivyomfundisha kushona nyavu alitoka kijiji gani. Siku kama hizo usijidai maelezo. Andika majina ya waliokuja na neno moja walilosema, ufunge daftari.

7. Badili mwendo maisha yakibadilika. Mwaka huu mwanangu wa mwisho anaanza kuongea, kwa hiyo nimerudi kwenye kila siku: neno jipya na tarehe yake. Jana lilikuwa "maji".